Jiwe la Kusagia Halikai Mkiani mwa Gari

Vijana wangu, ninyi mnaopakia magari siku hizi mpaka paa linalia, kaeni kidogo. Nawaona kila asubuhi nikiwa barazani kwangu hapa Katindo, mjini Goma: basi dogo linapita limebeba magodoro, mbuzi, madumu, na juu ya madumu mtu amelala usingizi. Pua ya gari inatazama mbinguni kama inasali. Dereva anapiga honi, anacheka. Mimi sicheki. Mimi nashika kichwa, kwa sababu najua jambo ambalo dereva yule halijui, na nililijua kabla baba yake hajazaliwa.

Nitajisifu, msinikataze. Mtu aliyeondoka Goma miguu mitupu akarudi na viatu, sanduku la bati na diploma ya ufundi wa magari kutoka Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ana haki ya kujisifu kidogo, na mimi nimeamua kujisifu sana. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Hakuna mtu aliyenisemea kwa padri. Nilifagia garaji mchana, nikasoma jioni, nikashinda mtihani mbele ya walimu ambao hawakutazamia nishinde. Niliporudi nyumbani, katika ile miaka ya hamsini, Goma ilikuwa mji mdogo ambao ungeweza kuuzunguka kwa miguu chai yako bado ina moto, na diploma ya namna ile ilikuwa moja tu. Yangu. Mama aliitundika ukutani karibu na picha ya Bikira Maria, na wageni wakiingia walizisalimu zote mbili.

Garajini waliniita Bwana Diploma. Wengine walilisema jina hilo kwa heshima, wengine kwa dhihaka. Mimi nililipokea kwa namna moja tu.

Siku moja mkulima wa kahawa, mzungu mrefu tuliyemwita Bwana Kofia kwa sababu hakuivua kofia yake hata akiwa amelala chini ya gari, alituletea lori na wazo. Alitaka tujenge nyumba juu ya lori lile: kitanda, jiko, kabati, tangi la maji, madirisha yenye mapazia. Alitaka kutembea na madamu wake mpaka Rutshuru na mbele zaidi, walale popote penye nyasi nzuri. Tulilijenga kwa mbao, mabati na jasho. Rangi haijakauka, watoto wa mtaa walikwisha kulipa jina: Konokono, kwa sababu anakwenda na nyumba yake mgongoni.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Lori la mizigo na gari-nyumba ni ndugu wa tumbo moja lakini hawana tabia moja. Lori likiwa tupu ni tupu kweli. Gari-nyumba halijawahi kuwa tupu hata siku moja. Kila ubao uliopigilia ni mzigo. Kitanda ni mzigo, bawaba ni mzigo, pazia la madamu ni mzigo. Karibu na mlango wa dereva kulikuwa na kibao kidogo cha chuma kinachosema uzito wa mwisho ambao gari lile linaruhusiwa kufikia, pamoja na kila kitu: gari lenyewe, nyumba, mafuta, maji, watu, mpaka chumvi ya jikoni. Watu wakisoma kibao kile hufikiri ndio ruhusa ya kupakia. Siyo. Ruhusa yako ni kile kinachobaki ukishatoa uzito wa gari na nyumba yake. Kwa Konokono kilichobaki kilikuwa kidogo, kama nyama katika sahani iliyopitia kwa wageni kwanza.

Bwana Kofia hakuamini. Alitaka kuongeza beseni la kuogea, beseni la chuma lenye miguu ya simba.

Nikamwambia, "Bwana, chagua. Beseni au madamu. Wote wawili hawaendi."

Alinitazama, akatazama beseni, akamtazama madamu aliyekuwa kivulini anajipepea. Alifikiri muda mrefu kuliko inavyofaa. Madamu akacheka, beseni likabaki, likawa la kunyweshea ng'ombe.

Msidhani nilikuwa nabahatisha. Nilikuwa napima. Nje ya mji, kwenye barabara ya kaskazini, kulikuwa na kiwanda cha kahawa chenye mizani kubwa ya malori iliyofukiwa ardhini. Nilikuwa napeleka gari pale na kupima mara tatu: kwanza magurudumu ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake, halafu gari zima. Wenye mizani walinicheka. "Bwana Diploma, gari ni moja, unalipima kama nyama ya kugawana!" Wacha wacheke. Gari linaweza kuwa ndani ya uzito wake wote na bado likawa limeelemea ekseli ya nyuma hadi springi zinanyooka. Uzito si kiasi tu. Uzito una mahali pake pa kukaa.

Mahali, ndiyo. Hilo nalo nilijifunza shuleni kwa hesabu, lakini aliyenifundisha kulisikia mwilini ni Muzee Ramazani, dereva wetu, mtu wa asili ya Maniema, kanzu nyeupe siku ya Ijumaa na mikono ya grisi siku nyingine zote. Alikuwa hapimi kwa mizani. Alipita akipapasa matairi kwa kiganja kama mtu anayepima homa ya mtoto, kisha aliingiza ngumi kati ya tairi na bodi. Ngumi ikipita, sawa. Isipopita, alipanda na kuanza kutupa vitu nje bila kuuliza ni vya nani.

"Mutoto," aliniambia, "muzigo wenye haujafungwa ni mulevi. Ukikata kona, anakuja kukukumbatia."

Mimi nilimfundisha mizani, yeye alinifundisha ngumi. Tulibishana kila siku, na kila siku majibu yetu yalikuwa sawasawa, jambo lililotuudhi wote wawili.

Basi, tuje kwenye arusi.

Papa Sebastiano alikuwa kapita, yaani msimamizi, wa shamba la Bwana Kofia, mtu wa familia kubwa, mwaminifu kanisani, mwenye sauti ya kuita wafanyakazi bondeni akiwa mlimani. Binti yake, Daforoza, alikuwa anaolewa na mwalimu wa shule huko Rutshuru. Bwana Kofia, kwa kumheshimu kapita wake, akamwazima Konokono kumpeleka bibi arusi. Akasema neno moja tu: gari lirudi zima. Papa Sebastiano akaja garajini akanishika bega.

"Bwana Diploma, mutoto wangu anaenda na gari yenye mapazia. Hakuna mutu wa ukoo wetu alisafiri namna hii. Weye njo mwenye utapakia. Kama mutu wa Rutshuru atasikia tulianguka mu njia, nitaficha wapi uso?"

Nikamwambia asihofu. Nilivaa shati jeupe siku ya safari, jambo ambalo fundi hafanyi.

Lakini sikuwa nimewahesabu shangazi.

Kwa watu wetu bibi arusi haondoki mikono mitupu. Anabeba vyombo vya nyumba yake mpya, na kila jamaa anatoa chake: mikeka, vyungu, vibuyu, vikapu vyenye vifuniko vilivyochongoka, maharagwe, mtama. Hilo si tatizo. Tatizo ni hili: kila mtoaji anataka chake kionekane kwanza. Gari likifika kwa wakwe, watu wote wamejipanga, mlango wa nyuma unafunguliwa, na kitu cha kwanza kutoka ndicho kitakachosemwa miaka yote. "Ule mukeka ulikuwa wa mama fulani!" Kwa hiyo hakuna anayekubali zawadi yake iende ndani kabisa. Wote wanapakia mlangoni, au juu ya paa, ambako hata mtu wa barabarani ataona.

Nyuma na juu! Ungemwambia shetani achague mahali pa kuweka mzigo ili gari lipinduke, asingechagua vizuri kuliko akina mama wale.

Na mkubwa wao alikuwa Mama Mariana, dada yake Papa Sebastiano, shangazi wa bibi arusi. Mnajua shangazi ni nani kwetu. Ndiye anayemsindikiza bibi arusi na kumkabidhi kwa wakwe kwa mkono wake. Asipokwenda yeye, hakuna makabidhiano, na pasipo makabidhiano hakuna arusi, hata padri awe amekwisha kuvaa. Zawadi yake ilikuwa jiwe la kusagia. Jiwe kweli kweli, jeusi, la bibi yake, pamoja na jiwe dogo la juu ambalo tunaliita mtoto wake. Wanaume wanne walilibeba wakitembea kama bata. Alilisimamia mpaka likakaa mlangoni pa nyuma, likabanwa kwa vyungu.

"Mama," nikamwambia, "hili jiwe litakaa katikati, chini, karibu na kitanda."

"Chini ya kitanda? Sawa sufuria ya kuazima? Jiwe ya bibi yangu?"

"Gari ni kama ubao wa kubembea, Mama. Magurudumu ya nyuma ndiyo gogo la katikati. Ukiweka kitu kizito nyuma ya gogo, upande wa mbele unanyanyuka. Na mbele ndiko kuna usukani."

"Yezu Maria," akawageukia wenzake, "huyu mutoto alienda Elisabethville kusomea kubembea!"

Wakacheka mpaka kilemba kimoja kikaanguka. Na mimi nikacheka, maana nilikuwa kijana na mzuri wa sura. Kisha nikangoja waende kuimba na bibi arusi ndani, nikawaita wanaume wanne wale wale, tukalihamisha jiwe katikati, sakafuni chini ya kitanda, tukalifunga kwa kamba mbili. Nikamwaga maji yote ya tangi. Lita moja ya maji ni kilo moja, na tangi lile lilibeba lita mia mbili. Safari yetu ilikuwa ya mchana mmoja, madumu mawili yalitosha. Tangi lijae au liwe tupu, vijana, likiwa nusu maji yanapiga ngoma ndani na gari linacheza.

Tulipofika kwenye mizani ya kahawa, watu wote wakashuka wakilalamika. Tulikuwa juu ya kiasi. Si sana, lakini juu. Nikawaomba binamu waliokuwa wamejijaza ndani washuke wapande lori la kabichi lililokuwa linarudi Rutshuru tupu, pamoja na magunia ya maharagwe. Vijana wale walifurahi, kwa kuwa kwenye lori hakukuwa na shangazi. Nikapima tena, mara zangu tatu. Safi. Ningeweza kulitia gari lile saini kama mchoro.

"Njo unaona," Ramazani akasema, akitoa ngumi yake juu ya tairi, "mizani yako imekubali ngumi yangu."

"Ngumi yako imekubali mizani yangu, Muzee."

Tukapanda. Daforoza alikaa ndani amefunikwa kitenge usoni, kama desturi, na pembeni yake shangazi, na mbele Papa Sebastiano kati yangu na dereva. Mpaka kijiji cha Kibati, Konokono alipanda mlima kama mzee mwenye afya: polepole bila kukohoa.

Kibati kulikuwa na jamaa. Siku zote kuna jamaa. Walikuwa wamesimama barabarani na matawi mkononi, na haiwezekani kupita jamaa waliosimama na matawi. Tukaingizwa ndani kula. Maharagwe, viazi, maziwa ya kugandisha. Nilitaka mtu abaki na gari, lakini mwenye nyumba alinivuta mkono. "Bwana Diploma hali chakula chetu? Tumboni kwake kuko na moteri?" Basi nikala. Mvua ikanyesha, ile mvua ya Kibati inayokuja bila kubisha hodi, ikapiga, ikakatika. Tukatoka, tukaaga, tukapanda gari kwa haraka bila kulizunguka.

Hatujafika mbali, nyumba ile bado inaonekana nyuma yetu, Ramazani akaacha kuzungumza. Alipoacha kuzungumza nilijua kuna kitu. Aligeuza usukani kidogo kushoto, kidogo kulia. Pua ya Konokono haikumjibu mara moja. Ilingoja, kisha ikaenda kidogo zaidi ya alivyotaka.

"Muzee?"

"Iko nyepesi," akasema. "Mbele haiko yangu."

Akasimamisha, tukaweka mawe nyuma ya magurudumu, nikazunguka. Vijana, nilichokiona sitakisahau. Juu ya paa kulikuwa na magunia ya makala, makaa ya kupikia, zawadi ya jamaa wa Kibati, yamefungwa kwa majani ya migomba. Makala ni mepesi, kila mtu anajua, ndiyo maana watu huyaweka juu. Lakini makala hunywa maji kama ngamia, na haya yalikuwa yamenyeshewa mvua nzima. Maji meusi yalikuwa yanatiririka kwenye mapazia ya madamu. Nikafungua mlango wa nyuma. Jiwe la bibi lilikuwa limerudi mlangoni, limekaa pale na mtoto wake, na mbele yake viazi vya Kibati.

Mama Mariana alikuwa amelikuta chini ya kitanda wakati wa kuteremka. Aliita vijana wa Kibati sisi tukiwa tunakula.

"Mama, hatuwezi kwenda hivi," nikasema.

"Mupaka hapa tumekuja."

"Mpaka hapa tumepanda. Mbele kuna mteremko mrefu, mpaka Rutshuru unashuka tu. Nyuma itasukuma, juu itayumba, breki zitachoka, na mbele hakuna kitu cha kushika barabara. Makala yashuke, na viazi, na jiwe."

Alishuka. Akanipita kama anapita nguzo, akaenda kukaa juu ya jiwe la barabarani, lile jiwe la volkano lenye meno, akakunja mikono.

"Muzigo ya bibi arusi ikitoka mu nyumba ya baba yake, hairudi," akasema. "Ikirudi, na yeye atarudi. Ukiondosha jiwe yangu, mimi nabaki nayo hapa. Muende. Nani atamukabizi mutoto kwa wakwe? Weye? Na diploma?"

Papa Sebastiano aliondoa kofia, akairudisha, akaiondoa tena. Alikuwa kati ya dada yake na mteremko, na nadhani aliogopa zaidi dada. "Bwana Diploma," akaninong'oneza, "hakuna namna? Polepole? Muzee Ramazani ni fundi."

"Mimi ni fundi," Ramazani akajibu, "njo maana sitaenda."

Ndani ya gari kitenge kilitikisika. Daforoza alikuwa analia bila sauti. Huko Rutshuru watu walikuwa wamekwisha kujipanga, mwalimu wake amesimama na suti ya kuazima, na hapa barabarani shangazi mmoja, jiwe moja na fundi mmoja walikuwa wamemshika katikati. Akikosa shangazi, arusi imekufa. Akipata shangazi pamoja na mzigo ule, pengine angekufa mwenyewe.

Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani kwako huonekana mwepesi. Ukitaka mtu ajue uzito, mkabidhi aubebe. Nikamwendea Mama Mariana, nikainama, nikampa mkono kama nampeleka kucheza.

"Mama, sitabishana. Njoo uendeshe wewe."

"Weye una wazimu?"

"Kaa tu kwenye kiti cha dereva. Gari limesimama, lina mawe nyuma ya magurudumu. Geuza usukani. Ukishindwa kuugeuza gari likiwa limepakiwa hivi, jiwe lako litakaa unapotaka."

Ramazani alinitazama kama nimemwomba mke wake. Hakuna abiria aliyewahi kukaa kwenye kiti kile. Lakini alielewa haraka, yule mzee. Akafungua mlango, akafuta kiti kwa kanzu aliyovalia arusi. Mama Mariana akapanda. Udadisi ni mkubwa kuliko hasira. Akashika usukani kwa mikono miwili, kisha, akiona unakwenda, kwa mmoja. Ukazunguka kama anakoroga uji.

"Eh! Eh! Sebastiano, angaria! Ni kazi ya bure hii! Njo kwa hii banaume munajivuna?"

Tukamwacha ageuze. Aligeuza kulia, akageuza kushoto, akapiga honi. Watoto wa Kibati walipiga vigelegele.

"Umeugeuza, Mama, basi jiwe linashuka. Shuka na wewe," nikasema.

Nikawaita vijana wa Kibati. Makala chini. Viazi chini. Jiwe, wanaume wanne, mwendo wa bata, chini kwenye nyasi. Mama Mariana aliona, akaacha. Alikuwa bado na furaha ya honi. Konokono alishuka pua yake taratibu, kama mtu anayekaa kitini baada ya kusimama sana. Nikamwambia apande tena.

Akashika usukani kwa mkono mmoja. Haukwenda. Akashika kwa miwili. Akaegemea, akauma meno, kilemba kikapinda. Usukani ukasogea kidogo, ukagoma. Wakati ule, vijana, usukani haukuwa na msaada wa mashine. Gari zito mbele, limesimama, ulihitaji mabega ya mpagazi kuligeuza.

"Umefunga na nini?" akaniuliza.

"Sikufunga. Sasa ndiyo magurudumu yanashika ardhi. Mwanzo yalikuwa yanaigusa tu, Mama. Ulikuwa unageuza hewa. Muzee Ramazani angekuwa anageuza hewa mpaka chini kabisa, na Daforoza ndani."

Alibaki amekaa, mikono juu ya usukani, anatazama barabara mbele mahali inapopotea. Kisha akateremka bila kunishika mkono, akaenda dirishani, akasogeza pazia, akamwangalia mpwa wake. Sijui waliambiana nini, walisema Kinyarwanda, chini chini. Alipogeuka alikuwa shangazi tena, mwenye amri.

"Muzigo ya bibi arusi hairudi," akasema kwa sauti ya watu wote kusikia. "Lakini inaweza kulala. Hii italala kwa ndugu yangu hapa Kibati. Siku ya kuenda kumuona mutoto kwa bwana wake, tutaileta yote. Mutu asiseme imerudi. Imelala."

Maana kwetu, arusi ikishapita, jamaa wa mke huenda kumtembelea na vyakula na vitu. Mimi mwenye diploma sikulifikiria hilo. Nililifikiria springi. Yeye alilifikiria neno, na neno likatupa njia. Vijana wa Kibati walibeba jiwe kwenda nyumbani kwao wakiimba, kana kwamba walikuwa wanaoa wao.

Mteremko ule tuliushuka kwa gia ndogo, injini inanguruma, mguu wa Ramazani ukigusa breki na kuacha, kugusa na kuacha, wala haulali juu yake. Mnasikia? Breki haikanyagwi mteremko mzima. Huungua, na ikiungua haina ndugu. Kwenye kona moja tulikuta ng'ombe wamejaza barabara, wamesimama wanatafuna, na mchungaji amelala chini ya mwavuli. Ramazani akakanyaga. Konokono akainama, vyungu vikagongana mara moja, gari likasimama limenyooka, kati ya ng'ombe na korongo. Papa Sebastiano alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa. Nyuma, ndani, tulisikia Mama Mariana akisema, "Endelea, Muzee. Tuko."

Rutshuru walitungoja kama nilivyosema, safu mbili, ngoma, binamu na magunia yao, mwalimu na suti yake. Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Ikatoka mikeka, vikapu, vyungu, hakuna hata kimoja kilichopasuka, na vikaisha. Upande wa wakwe nikaona shingo zinarefuka. Mama mkwe, mwanamke mwembamba mwenye macho ya kuhesabu, akachungulia ndani ya gari.

"Ni hii tu?" akauliza kwa adabu ile inayochoma.

Mama Mariana alikuwa amemshika Daforoza mkono, yuko tayari kumkabidhi. Nikaona shingo ya Papa Sebastiano inaingia mabegani.

"Ingine iko mu njia, inapumuzika," Mama Mariana akasema. "Jiwe ya bibi yangu, na makala, na viazi ya kulisha hii safu yote. Tuliiacha Kibati. Unaona ule kijana wa shati nyeupe?" Na kidole chake kikanijia mimi, na macho ya Rutshuru nzima yakakifuata. "Ule iko na mazarau. Anatupa bintu ya watu barabarani, hata ya bibi yako aliyekufa, hasikii haya. Lakini watu, yeye hatupi hata mumoja."

Kisha akauweka mkono wa Daforoza katika mkono wa mama mkwe, na ngoma zikaanza.